Nyamazisheni Matarumbeta, Nasikiliza Beringi

Bibi harusi aliingia ukumbini kwa bajaji. Hakuna namna ya kulikwepa hilo, maana ndilo lililorekodiwa na ndilo linalozunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tangu Jumamosi. Kwenye video, shela limetoka nje upande wa kulia linapepea kuelekea Mwenge, mpambe amelikamata kwa mikono miwili, na dereva wa bajaji, kijana wa watu, amekunja uso kwa uzito wa madaraka aliyopewa ghafla. Ukitazama vizuri nyuma kabisa kuna mtu aliyevaa suti amepiga magoti kwenye changarawe, sikio kalibandika kwenye bampa la gari. Wameshamzungushia duara jekundu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya buluu, rimu rangi ya dhahabu. Kamati ya harusi ililipitisha kikaoni kwa makofi, likalishinda benzi la kukodi. Basi tumetoka taa za Mwenge, tumeshika Barabara ya Bagamoyo, msafara nyuma umewasha taa mchana kweupe, pikapu ya matarumbeta iko mkiani inaporomosha muziki, nami naingiza gia ya tatu na kukanyaga mafuta kidogo tu. Chini ya ule mngurumo ambao ndio watu hulinunulia gari hili, nikasikia: ko-ko-ko-ko-ko.

Mwenye gari la aina hii hahitaji kuelezwa. Nikawasha hazadi, nikasogea pembeni, nikazima injini. Tulikuwa hatua chache kabla ya kambi ya jeshi ya Lugalo, mahali ambapo hata bodaboda hafikirii kuegesha. Msafara mzima ukasimama nyuma yangu. Shangazi akashuka kwenye Noah ameshika kitenge chake.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Beringi, Shangazi. Beringi ya konrodi."

"Ndiye nani huyo? Amealikwa?"

Nilihitaji kuisikia tena, sekunde kumi tu, pawe kimya. Lakini pikapu ya matarumbeta ilikuwa imeshatufikia, na wale jamaa hulipwa kwa saa. Gari likisimama wao ndio wanachanganya. Mbaya zaidi, mpiga ngoma alikuwa anapiga mapigo yaleyale ya injini yangu. Nikaenda kuwaomba wanyamaze. Kiongozi wao, mwenye lile baragumu kubwa linalomzunguka mwili, akadhani nimekuja kutunza, akainama akanipulizia sikioni. Ilibidi mwenyekiti wa kamati aingilie kati. Hatimaye kukawa kimya. Waalikwa wamesimama kando ya barabara na vitambaa vyao vya sare, trafiki anatutazama kwa mbali akipiga hesabu zake, nami nikapiga magoti mbele ya gari na kumwashiria bwana harusi, ambaye ndiye pekee aliyekuwa karibu na usukani, awashe. Akawasha. Akapandisha taratibu hadi mshale ukafika elfu mbili.

Ko-ko-ko.

"Zima! Zima!" Akazima, akanyoosha mikono juu. Nikatangaza kwamba gari hili haliwashwi tena na mtu yeyote.

Kwa kuwa tulikuwa tunangoja usafiri mwingine, nikaona ni vyema bibi harusi aelewe kwa nini. Watu wakisikia beringi wanafikiria ile ya gurudumu, yenye gololi. Beringi ya konrodi haina gololi hata moja. Ni maganda mawili ya nusu duara, membamba, ukiyatia mfukoni mwa shati utayasahau humo. Yanakutana yakaikumbatia shingo ya krankshafti, pale konrodi inaposhika ili pistoni ikisukumwa na moto iendeshe gari zima. Mgongo wa ganda ni chuma kigumu. Uso wake wa ndani umepakwa madini laini, aluminiamu iliyochanganywa na bati, au shaba na risasi, na ulaini huo ni wa makusudi: kichembe cha mchanga kikipenya, kizame kwenye ganda la bei rahisi badala ya kukwaruza krankshafti ya bei mbaya. Ganda limeumbwa lijitoe mhanga.

Sasa, kati ya ganda na shingo kuna nafasi ya takriban sehemu nne au tano za mia za milimita. Unywele wa kichwa haupiti. Humo ndimo pampu inamosukuma oili, na hapo ndipo penye maajabu, kwa sababu siyo pampu inayobeba uzito. Krankshafti ikizunguka huiburuta oili na kuiingiza kwa nguvu kwenye upande mwembamba zaidi, na oili ikikosa pa kwenda hupandisha mgandamizo hadi inainyanyua krankshafti yenyewe. Chuma hakigusi chuma. Kwenye mizunguko elfu sita kwa dakika, kila pistoni inapigwa na moto mara 50 kwa sekunde, kila pigo la uzito wa tani kadhaa, na kinachopokea yote hayo ni utando wa oili usioonekana kwa macho.

Jambo hili liligundulika kwa bahati. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alikuwa akifanya majaribio ya beringi za mabehewa ya reli. Akatoboa tundu juu ya beringi ili aweke kidude cha kutilia oili. Alipowasha mtambo, oili ikawa inatoka pale ilipotakiwa iingie. Akaziba kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akachonga kipande cha mti, akakigongomea. Nacho kikapanda taratibu mbele ya macho yake kikatoka. Alipofunga geji, mshale ukavuka paundi 200 kwa inchi ya mraba. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya kitu cha kawaida namna ile mlikuwa na nguvu za namna hiyo. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaja na hesabu zake zinazoeleza…

"Kaka," akasema bibi harusi, "mimi naolewa leo." Akapungia bajaji mkono.

Hakunipa nafasi ya kufika kwenye Subaru, na hapo ndipo kiini kilipo. Injini hii imelala: pistoni mbili zinatazama kulia, mbili kushoto, zinapigana ngumi. Kwa kulala hivyo imekuwa fupi sana, na krankshafti fupi inabana beringi tano kubwa na konrodi nne kwenye nafasi ndogo, hivyo kila konrodi inapewa ganda jembamba. Juu yake tia turbo. Halafu mtie kijana wa Sinza aliyeondoa sailensa na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini aipate Prado kwenye mlima. Oili ikipungua, au kwenye kona ndefu ikikimbilia upande mmoja wa sampo, mrija unafyonza hewa, utando unakatika, na ganda lililokuwa likielea kwa miaka linasagika ndani ya sekunde chache. Nafasi inaongezeka, konrodi inaanza kugonga, na hapo ndipo mafundi husema imenoki. Ukiendelea kuendesha, ile konrodi inaweza kutoboa ubavu wa injini ikatoka kusalimia.

Injini si dhaifu. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, kwenye mashimo na vumbi la Kenya. Lakini wao walifuatwa na helikopta. Mimi nafuatwa na matarumbeta.

Na mwenye fedha naye halali, kama hilo ni la kufariji. Wenye Porsche Boxster na 911 za kuanzia 1997 hadi 2008 wanaishi wakiiogopa beringi moja ya shafti ya kati, iliyofichwa ndani ya injini. Marekani walikwenda mahakamani, na suluhu ya magari ya 2001 hadi 2005 ikapatikana 2013. Wenye BMW M3 ya silinda nane wanafungua injini nzima isiyo na ugonjwa wowote ili kubadilisha beringi kabla hazijaugua. Sikuwahi kuwacheka.

Jumamosi ileile jioni brekidauni likanifikisha gereji, riboni zikiwa bado juu ya boneti. Fundi akawasha. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akafumba macho, nami nikashika ukuta. Kisha akaiweka bisibisi chini, akaingia uvunguni akiwa amelala juu ya boksi, na nikasikia anagonga kitu kwa kifundo cha kidole. Ko-ko-ko.

"Bosi, bati."

Bati la kukinga joto la ekzosi. Matuta ya barabarani na chumvi ya bahari vimekula bolti, bati limeachia, na injini ikifika mizunguko fulani linatetemeka na kugonga bomba. Akalizungushia klempu ya hosi, ile ya kufungia mpira wa maji bombani. Kazi ilimalizika kabla sijavua tai. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniandikia risiti kwa adabu, akasubiri nifike getini.

Niseme wazi kwamba ningesimamisha msafara ule tena, hata kama anayeolewa ni Shangazi mwenyewe. Bati na beringi vinagonga kwa lugha moja, vyote vinafuata mshale wa mizunguko, na anayesubiri apate uhakika huupata pamoja na bei ya injini. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyetaka kusikia hoja hii. Mwenyekiti wa kamati ameandika kwenye kundi kwamba harusi ijayo watatumia benzi.

Yaliyotangulia hayakufika huko. Chalinze nilizima gari katikati ya foleni kwa ajili ya mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara. Usiku mmoja nilitoka na tochi kwenda kulisikiliza gari lililozimwa, kumbe jirani anatwanga kisamvu. Na kuna ile siku ya filta: niliomba ikatwe tuone kama oili imebeba chembe za beringi, kijana wa gereji akaikata kwa msumeno wa chuma, karatasi ya ndani ikajaa vitu vinavyometameta, nikakaa chini kwenye tairi. Fundi akapitisha sumaku na vyote vikairukia. Vilikuwa vya msumeno. Madini ya uso wa beringi hayashikwi na sumaku. Kinachobaki karatasini baada ya sumaku kupita ndicho cha kuliliwa.

Kinachonitoa usingizini kwa kweli si ganda wala krankshafti. Hivyo vina kanuni, na kanuni ukiziheshimu navyo vinakuheshimu. Ninapima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Siikanyagi injini ikiwa ya baridi. Nabadilisha oili na filta mapema kuliko kitabu kinavyosema. Lakini yote hayo yanasimama juu ya dhana moja, kwamba kilichomo ndani ya dumu ndicho kilichoandikwa nje ya dumu. Mtaani kwetu dhana hiyo ni ya kishujaa. Oili chafu inachujwa, inarudishiwa rangi ya asali, inatiwa kwenye dumu halisi lenye lebo halisi, inafungwa kifuniko kipya, na inauzwa bei ileile ya halali, kwa sababu wameshagundua kwamba ukiuza rahisi mteja anashtuka. Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa pua. Atakayeitambua ni ule utando usioonekana, na hutambua mara moja tu. Halafu injini ikinoki, watu wa maskani watasema kijana alikuwa anakimbiza gari. Hakuna atakayemuuliza muuza oili chochote. Kuna watu wanafanya kazi miaka mitano wanunue gari moja la ndoto zao, na kuna mtu analiua kwa faida ya shilingi elfu chache, akiwa amekaa kwenye kiti chake akinywa kahawa.

Kwa hiyo nimejizoesha kutoboa dumu. Nikimaliza kumwaga oili, natoboa dumu tupu kwa bisibisi matundu manne, mawili kila upande, lisije likajazwa tena. Juzi nilipokuwa natoboa, yule kijana wa gereji alinitazama kwa huzuni ya kweli.

"Bosi, mwenzako wa Prado huwa ananiachia mazima. Yana soko."

Nikamuuliza nani anayanunua.

Mikono yake ilikuwa na grisi, kwa hiyo hakunyoosha kidole. Alichomoza midomo kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye duka nilikotoka kununua ile oili nusu saa iliyopita.