Usipitilize Segera: Saba Bora za Tanga kwa Mpangilio wa Mwenyeji

Basi likitoka Dar es Salaam na kufika Segera, barabara inagawana. Kushoto ni Korogwe, Moshi na Arusha; kulia ni Muheza, kisha Tanga mjini. Wengi hukunja kushoto, wakafuate Mlima Kilimanjaro, ambao tayari wameshauona kwenye lebo ya chupa ya maji. Ndugu yangu, safari hii kunja kulia. Mji wetu umezoea kuitwa wa "waja leo, waondoka leo", nami nakuomba ubishane na msemo huo: lala siku mbili tatu, tafuta baiskeli, halafu fuata orodha hii. Naanzia chini kwenda juu, na watakaobisha wabishe kwa heshima.

7. Katikati ya mji, kwa miguu

Anzia mnara wa saa, pinda Bustani ya Uhuru, kisha ingia jengo la boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Humo utaelewa kwa nini reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na kwa nini mkonge ulikufuata dirishani tangu Segera. Mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62, nchi yetu ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Anayedharau mwanzo mdogo tumlete Tanga.

6. Maji moto ya Galanos

Yapo upande wa Amboni, na yanaitwa hivyo kwa jina la mwenye shamba la mkonge wa zamani, Mgiriki. Kiberiti kinanuka mithili ya yai viza, lakini wenyeji wanayasifu kwa ngozi na viungo. Ziba pua, tia miguu, endelea na safari.

5. Mkwakwani, siku ya mechi

Mtu anayedai watu wa Tanga ni wapole hajawahi kukaa jukwaani kwenye uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na ukikaa karibu na mzee wa rika hilo utasimuliwa msimu mzima kabla ya mapumziko. Msikilize. Ila ukikutana na shabiki wa African Sports, watani wao wa mji huuhuu, usiuropoke mwaka huo. Mngoje amalize kukueleza kuwa yeye ndiye mwenye mji. Karanga zinazungushwa, jua linapigana na kofia yako, na bao likiingia hata muuza maji anasahau chenji.

4. Raskazone

Hapa ndipo mji unapokuja kuoga. Kabla ya kubeba taulo, muulize mtu yeyote wa Tanga maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu yakipwa utatembea kwenye matope ukiitafuta bahari kwa darubini. Yakijaa, hakuna bwawa la hoteli litakalokuvutia tena.

Na unapoelea, kumbuka Novemba 1914. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kwenye fukwe hizihizi. Wajerumani na askari wao Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa yapata 1,000. Risasi zikaivuruga mizinga ya nyuki, nao wakatoka kwa hasira wakawashukia wanajeshi wa pande zote. Nyuki wa Tanga hawakuuliza pasi ya mtu. Waingereza walishindwa, wakarudi melini na kuacha silaha nyingi nyuma. Waliokufa wamezikwa mjini humuhumu, na kutembelea makaburi hayo ni heshima inayostahili nusu saa ya siku yako.

3. Mapango ya Amboni

Najua, uliyategemea namba moja. Kila kalenda inayaweka namba moja, mimi nimeyaweka ya tatu, na bado nayapenda sana.

Yako kilomita chache kaskazini mwa mji: mapango ya chokaa kutoka enzi za mijusi wakubwa. Vaa viatu visivyoteleza, maana chini kuna utelezi na juu kuna popo wasiopenda kelele. Mwongozaji atamulika tochi ukutani akuoneshe simba, meli, hata kochi la kukaa. Mwanzoni utaona jiwe tupu, dakika tano baadaye utakuwa wewe ndiye unayewaonesha wengine. Kuna mahali lazima uiname, kuna mahali lazima utambae, na mwenye kitambi atapata nafasi ya kutafakari maisha yake. Usiguse vitambaa na sadaka zilizowekwa penye mzimu, zina wenyewe.

Utaambiwa pia kwamba njia hiyo inatokea Mombasa, au Kilimanjaro, inategemea anayesimulia ana ndugu wapi. Wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango kubwa kabisa lina urefu wa mita 900 hivi. Sikiliza hadithi, lipia kiingilio, nauli ya Mombasa kalipe stendi.

2. Ngamiani baada ya magharibi

Mitaa ya Ngamiani imepewa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea. Anayejua kuhesabu hapotei, na anayepotea atapata mtu wa kumsindikiza. Jioni jiko la mkaa hutolewa nje, mafuta yanachemka, kachori na mihogo inaelea humo, pweza amekatwakatwa na ndimu iko pembeni. Keti kwenye benchi la kahawa, uchukue kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata. Baiskeli zinapita na kengele zake, kila apitaye anasalimia, nawe mgeni utajikuta unaitikia "marahaba" kwa watoto usiowajua. Kwa hapa sina mzaha: sijaona mji mwingine pwani hii unaomfanya mgeni awe mwenyeji haraka kiasi hiki.

1. Barabara ya Pangani: Tongoni na Machui

Ni sehemu mbili, ndiyo, lakini barabara ni moja na orodha ni yangu.

Tongoni kuna magofu ya msikiti na makumi ya makaburi ya matumbawe, ya karne ya 14 na 15. Mengine yalikuwa na nguzo ndefu. Nyingi zimeanguka na zimelala kwenye majani. Sogelea nguzo uitazame: yapo mashimo ya duara yaliyochongwa ili bakuli za kauri zitiwe humo, bakuli zilizovuka bahari kwa jahazi. Watu hawa walikuwa na biashara zao na adabu zao muda mrefu kabla Vasco da Gama hajapwelewa maeneo haya. Mwaka 1499 aliichoma hapa meli mojawapo ya msafara wake, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Bahari inazidi kuula ufukwe huo, kwa hiyo usiseme utakwenda mwaka kesho.

Machui ndiko aliko mwandishi Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki 1962, akazikwa Machui. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni amekula kwenye sahani yake, kuanzia *Kusadikika* hadi *Adili na Nduguze*. Ndiyo sababu nimempa namba moja: mapango mazuri yako nchi nyingi, lakini Shaaban Robert ni wa hapa tu.

Walimu wa Kiswahili, msiishie Amboni na mabasi ya wanafunzi. Wapelekeni Machui pia, na kila mtoto aende na kitabu kimoja cha Shaaban Robert mkononi.