Sifa za Shimo

Bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa steji katika gemu, amekwisha kusifiwa vya kutosha. Bowser wa gemu za Mario amesifiwa kwa magamba yake na moto wake, Dracula wa Castlevania kwa joho lake, na wote wawili wametungiwa muziki wa kuingilia ukumbini kama bwana harusi. Leo naomba kumsemea ndugu yao maskini, asiye na uso, jina wala wimbo. Nalisemea shimo: lile pengo chini ya skrini katika gemu za zamani za kurukaruka, ambalo limewameza masteringi wengi kuliko mabosi wote wakijumlishwa, na halijawahi kudai hata shukrani.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa hakosi ukoo. Mwaka 1982 David Crane wa kampuni ya Activision alitoa Pitfall! kwa mashine ya Atari 2600. Humo mna mashimo yanayofunguka na kujifunga katikati ya msitu, na madimbwi ya mamba ambao mchezaji huwakanyaga vichwani ili avuke, mradi awe amewahi kabla hawajaachama. Alipewa dakika 20 za kutafuta hazina, na nyingi kati ya hizo aliziacha ukingoni, akipiga hesabu. Miaka mitatu baadaye ikaja Super Mario Bros. na steji zake 32, na shimo likatawazwa rasmi.

Fadhila yake ya kwanza ni uadilifu. Mario akila uyoga anakua, na kasa akimgusa anarudi udogoni tu, akaendelea na safari. Akiokota nyota, kwa sekunde chache hakuna adui wa kumdhuru. Shimo halitambui vyeo hivyo. Mkubwa akiingia amekwenda, mdogo akiingia amekwenda, mwenye nyota naye anakwenda huku bado anameremeta. Nitajieni mamlaka nyingine duniani isiyouliza wewe ni mtoto wa nani.

Fadhila ya pili ni elimu. Bosi hufundisha kupiga, jambo ambalo kila mtoto huzaliwa analijua. Shimo hufundisha kusubiri. Chukua steji ya 8-1 ya Mario, ndefu, yenye mapengo mfululizo. Mgeni hufika ukingoni akasimama, akatetemeka, kisha akaruka kutoka pale pale alipogandia, na asifike. Mwenyeji hurudi nyuma kwanza, akashikilia kitufe cha kukimbia, akaruka akiwa kwenye tofali la mwisho kabisa. Pengo lenye upana wa tofali moja haliruki hata kidogo: hulipita mbio, na mwendo wenyewe humvusha. Anayeogopa huruka mapema, na anayeruka mapema hutua katikati. Nimesikia hotuba nyingi za mahafali zisizokuwa na hekima hiyo.

Shimo lina watumishi, na hao nao wana adabu. Katika Castlevania ya 1986, vichwa vya Medusa hupita hewani vikipanda na kushuka kama mawimbi. Havina nguvu ya maana. Kazi yao ni kumsukuma mtu hatua moja nyuma, na hatua hiyo wameipimia vizuri. Ndege wa gemu ya Ninja Gaiden hufanya vivyo hivyo, ila kwa hasira zaidi. Dawa ni moja: usiruke hewa ikiwa na mtu. Mpige ndege ungali umekanyaga chini, kichwa cha Medusa kiache kipite kwanza, ndipo uondoke. Pupa ndiyo inayoua. Shimo linapokea maiti tu.

Wakubwa wenyewe wa Mega Man 2, gemu ya Capcom ya 1988, hupangwa kwa kulifikiria shimo. Mchezaji huchagua bosi wa kuanza naye, na wajuzi hujadili nani ana udhaifu kwa silaha ya nani. Lakini wazee wa kazi hutazama chini. Katika steji ya Heat Man kuna vitofali vinavyotokea na kutoweka juu ya utupu, kila kimoja kwa zamu yake, na vimewatoa watu wazima machozi. Aliyemshinda Air Man kwanza hupewa Item-2, chombo cha kuruka nacho, akaupita utupu ule kwa raha zake. Kumbe hata vita vya mabosi ni maandalizi ya kuvuka shimo.

Na bosi mkuu, Bowser? Unaweza kumpiga kwa mipira mitano ya moto, kama umeifikisha salama. Lakini waungwana hupita chini yake akiruka, wakaligusa shoka lililo nyuma yake, daraja likakatika na mfalme akatumbukia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika ushindi ule Mario hakurusha hata ngumi moja; aliyeua ni msifiwa wetu, na Mario akachukua sifa.

Watu waliokulia kwenye vibanda vya gemu watanikumbusha maporomoko ya maji ya Contra, na nawashukuru. Pale wachezaji wawili hupanda pamoja, na skrini humfuata aliye juu. Aliyebaki chini hugundua kwamba ukingo wa skrini umekuwa kaburi lake. Shimo hilo halikuchimbwa na fundi yeyote wa Konami, kampuni iliyoitengeneza gemu hiyo. Limechimbwa na rafiki yako mwenye haraka. Mbinu ni kupanda kwa zamu na kusemezana. Ndoa kadhaa zingefaidika na steji ile.

Sisi wakazi wa Saint-Gilles, hapa Brussels, tuna haki ya kulisemea jambo hili. Karibu na Gare du Midi, juu ya jengo la nyumba ya uchapishaji ya Le Lombard lililofunguliwa 1958, vichwa vya Tintin na mbwa wake Milou vinazunguka angani. Nyumba hiyo ilianzisha jarida la Tintin mwaka 1946, na tangu 1992 inachapisha pia vitabu vya Schtroumpfs, vile vibonzo vya buluu vya Peyo. Kampuni ya Infogrames ya Ufaransa iliwatia wote katika gemu za kurukaruka: Schtroumpfs mwaka 1994, Tintin huko Tibet mwaka 1995. Waliozicheza wanajua kwamba michoro ile mizuri ya kitoto ilificha ukatili wa mtoza ushuru. Tintin hana silaha. Anaruka, anainama, anaomba Mungu. Mwanahabari maarufu kuliko wote wa Ubelgiji, aliyeponyoka majambazi wa mabara kadhaa, anamalizwa na kukosea hatua.

Najua mashtaka. Wanasema shimo ni katili, linamrudisha mtu nyuma. Lakini katika Ninja Gaiden, anayekurudisha kutoka 6-4 hadi 6-1 ukishindwa mwishoni ni bosi, huyo huyo mnayemchorea fulana. Wengine wamekwenda mbali zaidi: tangu 2019 Nintendo imeweka katika huduma yake ya gemu za zamani uwezo wa kurudisha muda nyuma, mtu akianguka ajichomoe kama vile hakuanguka. Huko ni kulinyima shimo riziki yake, na kumnyima mchezaji somo alilokwisha kulilipia.

Na wenye kudharau waende hatua chache nje ya mpaka wa manispaa yetu, mpaka Palais du Midi. Kazi za njia ya tatu ya metro zilianza mwaka 2020. Wahandisi walitaka kupita chini ya jengo hilo la karne ya 19 bila kulibomoa, wakakuta udongo mlegevu wenye maji mengi, na mbinu zao zikagoma. Mwaka 2023 ikaamuliwa sehemu ya ndani ya jengo ibomolewe. Yaani shimo halikusogea. Kilichowekwa mezani ni nyumba.

Kwa hiyo natoa ombi. Brussels imejenga sanamu ya mvulana anayekojoa, ikaongeza ya msichana anayekojoa, ikamalizia na ya mbwa anayekojoa. Mji wa namna hiyo hauwezi kuona haya kuliheshimu shimo. Gharama si kubwa, kwani uchimbaji umekwisha kuanza. Kinachohitajika ni kibao chenye maneno machache ya shukrani, nacho kiwekwe ng'ambo ya pili, ili anayetaka kukisoma aruke.