Sifa za Mheshimiwa Kuvu

Wengine wasifu mahindi ya kwetu, eneo la Kwanza; mimi namsifu anayeyaonja kabla yetu. Mheshimiwa Kuvu, mwenye vazi la kijani na manjano, wasomi humwita Aspergillus flavus. Hana hati ya shamba, hajapanga foleni ya mbolea, ila fungu lake halikosi. Shambani, kwa baridi yetu ya Mlima Elgon, mara nyingi humtanguliza binamu yake Fusarium, yule wa rangi ya waridi. Yeye hungoja stoo.

Wala si mtu wa makuu. Bodi ya Nafaka inadai unyevu usiozidi asilimia 13.5; yeye hutosheka na haraka yetu. Mvua ya Novemba imenyesha, dalali yuko langoni, karo ya Januari yaja: tupukuchue, tujaze magunia! Kipimo cha mkulima kipo. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, anika tena. Lakini turubai lenyewe la kuazima.

Sifa zake zilivuma Uingereza mwaka 1960, alipoua bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa chakula cha karanga. Wataalamu, wakikosa jina, wakayaita maradhi X. Mwaka 2004 alizuru Makueni, Kitui na majirani zao kupitia mahindi yaliyowekwa yakiwa mabichi: wagonjwa 317, waliokufa 125. Hapo sifa zanikwama kooni, basi tuusifu ugumu wake.

Aflatoksini, sumu yake, haiogopi sufuria. Songa ugali upendavyo, itabaki, na ini litaijua. Asipopita kinywani hupita puani pamoja na vumbi la stoo, na akikuta pafu lenye shimo lililoachwa na kifua kikuu, huweza kujenga donge humo bila kulipa kodi.

Ila kinachonivutia zaidi ni kwamba mahindi yaliyooza hatuyapiki. Tunachambua kwa makini: mazuri guniani, yaliyooza kando. Kwa kuwa hatupotezi mali, yaliyooza tunampa ng'ombe, naye, mnyama mwaminifu, anaturudishia sehemu ya sumu katika maziwa ya chai. Yanayosalia mama wa pombe ya busaa huyachukua kwa bei nafuu. Jioni wazee walewale waliowakanya watoto wasiyaguse, wamekizunguka chungu, wanayavuta taratibu kwa mirija mirefu.