Ugonjwa wa Kazi wa Kapita

Huku Kasuku, mjini Kindu, paka hafugwi kwa mapenzi, huajiriwa. Mchele wa Maniema hulundikwa kwenye depo za Kindu ukingoja treni ya kusini, na treni yenyewe ina kalenda ambayo hakuna aliyewahi kuonyeshwa. Mchele unaingoja treni, panya wanaungoja mchele, na kila mwenye magunia anatafuta paka wa kuwangoja panya. Wetu tulimwita Kapita, yaani msimamizi, kwa sababu hukagua depo asubuhi na jioni, kisha hupanda gunia la juu kabisa akalala. Mshahara wake ni vichwa vya samaki na ukoko wa wali. Habari za matibabu hatukuwahi kuzizungumza.

Basi mwajiriwa akaanza kutapika. Wenye paka wanajua inavyokuwa: anajikunyata, kichwa chini, mbavu zinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi, halafu unatoka ule mlio, “hak, hak”. Hapo huanza kurudi kinyumenyume. Nyumba yetu ina sakafu pana ya saruji, inafutika kwa tambara moja. Kapita huivuka yote mpaka akute nguo. Siku ile alikuta kikwembe kipya cha shangazi, aliyekuwa amevuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli kuja kutusalimu, naye amekitandaza kitini ili tuyaone maua yake vizuri.

Huku Kasuku huna haja ya kumwita daktari, inatosha shangazi yako apige kelele. Jirani wa kushoto alisema paka amelogwa. Papa fundi wa baiskeli alisema amekula mjusi kafiri, apewe kijiko cha mawese. Mwanafunzi mmoja akashauri maziwa. Mama wa nyumba ya nyuma yeye alikuja kabisa na tembe ya parasetamoli ameikata katikati. “Nusu,” akasema, “maana ni mdogo.”

Veterineri wa mtaa, ambaye siku zake huishia kwa mbuzi na nguruwe, alikuwa deponi akinunua mchele. Akaja na kuipokonya ile nusu. “Mama, hii itamuua.” Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa hiyo tungekuwa tumemfungulia mgonjwa mlango wa pili.

Kisha akaanza mahojiano. Anatapika nywele? Ulimi wa paka una vijiba vinavyoelekea kooni, nywele anazojilamba hazina njia ila tumboni, na akitoa fundo moja mara mojamoja si kesi. Anakula kwa pupa na kukirudisha chakula kizimakizima? Agawiwe kidogokidogo. Kuna damu? Maji hayakai tumboni? Anachuchumaa mkojo usitoke? Moja tu ya hayo, usingoje kesho. Akaivuta ngozi ya shingo na kuiachia, ikarudi upesi, maana yake maji mwilini bado yapo. Akamfungua mdomo na kuinua ulimi, akitafuta uzi. Magunia yetu hushonwa kwa uzi wa nailoni. Paka akiuchezea huumeza, ncha moja ikanasa chini ya ulimi na nyingine ikashuka utumboni. Ukiuona usiuvute, utaukata utumbo. Hapakuwa na uzi.

“Kuna mtu ametega sumu ya panya?”

Kila mtu akamtazama jirani yake. Hakuna aliyetega.

Ndipo akakiinamia kikwembe. Katikati ya maua palikuwa na kitu cheupe, chembamba, kirefu kama kidole, ambacho mwanzoni sote tulidhani ni sehemu ya urembo wa kitambaa. Kikajikunja.

Kumbe minyoo. Mabuu yake hukaa ndani ya nyama ya panya, na paka humeza panya na mzigo wake. Kwa hiyo Kapita alikuwa anaugua kwa kadiri ya bidii yake. Angekuwa mfanyakazi wa reli, wenzake wangekwishagoma.

Dawa, piranteli, hupimwa kwa uzito. Tukamtia ndani ya gunia tupu, tukalitundika kwenye mzani wa mchele, nalo likawa linazunguka na kunguruma mbele ya wateja. Kilo tatu na nusu. Mteja mmoja aliuliza bei.

Halafu likaja la chakula. Apumzishe tumbo saa chache, anywe maji kidogokidogo, kisha ale kuku aliyechemshwa bila chumvi, mafuta wala kitunguu, na asishinde njaa kutwa nzima, ini lisije likamharibikia. Kuku! Watoto wetu walikuwa wanakula sombe, majani ya muhogo. Walimtazama Kapita akihudumiwa, na kabla jua halijazama mmoja wao alikuwa uani amejikunyata, anafanya “hak, hak” bila kutoa kitu.

Tembe tuliificha ndani ya samaki. Kapita akamla samaki na kuiacha tembe sakafuni, safi, haina hata mate. Ikabidi afungwe kwenye taulo, kichwa tu nje, na tembe isukumwe nyuma ya ulimi huku shangazi akitoa maelekezo kutoka mbali. Ya pili, veterineri akasema, baada ya wiki mbili.

Alipokuwa akifunga mkoba wake, mama wa nyumba ya nyuma akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini kama dawa hiyo inamfaa mume wake, maana naye chakula cha nyumbani hakigusi tena, na yeye mkewe hajui huko nje anakula nini.