Chumvi ya Serikali
Muungwana wa Uswidi aliyejaaliwa Volvo 240, gari lililokuwa likiundwa tangu 1974 hata 1993, na ambalo aghalabu limemzidi umri mwanawe mkubwa, hushinda kiangazi kizima uvunguni mwake, akikwangua kutu, akichomelea mabati mapya, akipulizia nta katika kila upenyo, kwa ikhlasi ambayo mkewe, maskini, hajapata kuionja. Kisha baridi iwadiapo, naye amekwishafunga matairi ya theluji kama sheria iamrishavyo, hulitoa kwa taadhima barabarani, ambako serikali, kwa kodi yake mwenyewe, imemwaga chumvi, ile ile ihifadhiyo ng'onda wetu, ili barafu iyeyuke na mabati yaliwe upya. Gari jipya analo pia. Nalo, kwa kuhofiwa chumvi hiyo hiyo, hulala bandani.