Kulia Kwako au Kwangu?

Zamani hapa kwetu Bariadi mtu aliingia nyumbani kwake popote alipotaka. Barabara ilikuwa vumbi, uwanja vumbi, na mpaka kati ya hivyo viwili waliujua kuku tu. Mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa, sisi tukawa makao makuu, na lami ikatufikia. Hatukuambiwa kwamba lami haitembei peke yake: huja na mtaro, na mtaro huja na ukingo wa saruji. Siku hizi kuingia kwangu ni kupita juu ya kalavati ambalo nadhani fundi alilipima kwa pikipiki yake.

Hayo hayakunisumbua mpaka niliponunua trekta kuukuu na tela lake la magurudumu mawili. Katika mkoa wa pamba, msimu ukishafunguliwa, mwenye tela huamkiwa "shikamoo" hata na waliomzidi umri. Siku ya kwanza nilipeleka pamba ya majirani AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, nikarudi jioni na tela tupu, kifua mbele. Nikaona niingie kinyumenyume, ili alfajiri nitoke moja kwa moja kama waziri.

Asiyewahi kurudisha tela nyuma ataniona mzembe. Sheria yake ina uchawi ndani: ukitaka tela liende kulia, usukani uzungushe kushoto. Likishaanza kugeuka, urudishe usukani upesi ulifuate, la sivyo litajikunja kama goti la mzee anayetafuta kigoda. Sheria hiyo naijua vizuri sana nikiwa nimekaa kijiweni na kikombe cha kahawa. Juu ya trekta, shingo imepinda nyuma, mikono iliisahau yote.

Hapo ndipo washauri walipoanza kufika. Walitangulia vijana watatu wa bodaboda, akafuata muuza miwa, kisha watoto waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa.

"Kata kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?" nikauliza.

"Kulia kwa tela!"

Sikujua kwamba tela nalo lina kulia kwake. Mwingine akapunga mkono wa kushoto huku akisema kulia. Mmoja tu ndiye niliyemwamini, maana alikuwa na sauti ya mtu aliyeisomea kazi hiyo: "Rudi, rudi, rudi... bado, bado... bado..." Nikasikia kishindo. "Hapo hapo!" akasema, kwa utulivu kabisa.

Nikashuka kutazama. Gurudumu la kushoto lilikuwa limepanda ukingo, limemega kipande kikubwa kama mkate, na sasa linaning'inia juu ya mtaro likizunguka polepole, kama halina haraka ya kwenda popote. La kulia lilishavuka, limelala katikati ya tuta la mchicha. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama tela, akatazama mchicha, akanitazama mimi.

"Baba, mchicha wangu ulikukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Washauri nao walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kubishana ni nani aliyesema kushoto.

Akaja mzee jirani, mkulima wa maksai tangu ujana wake, akijikongoja na fimbo. "Mwadila, baba," akanisalimu kwa Kisukuma, kana kwamba amenikuta nimepumzika kivulini. Akaizunguka ajali yangu mara moja.

"Hicho chuma kinachoshikanisha tela na trekta, kinachomoka?"

"Kinachomoka, mzee. Ni pini."

"Sasa unahangaika nini? Maksai wangu sijawahi kuwarudisha nyuma. Nikifika nyumbani nafungua nira, mkokoteni tunausukuma kwa mikono."

Nikasogeza trekta mbele, gurudumu likarudi barabarani. Nikateremsha mguu wa tela, nikachomoa pini. Mzee akawaelekezea washauri fimbo: "Haya, nyinyi wenye kulia na kushoto, njooni mshike."

Nilikuwa nimewahesabu kumi na wanne. Iliposikika habari ya kushika, mmoja akakumbuka abiria wake, muuza miwa akakumbuka miwa yake, watoto wakakumbuka chumvi. Yule wa "bado, bado" sikumwona tena mpaka leo. Tukabaki saba, na saba tulitosha. Tela liliingia kwa muda wa kuchemsha chai, na hakuna aliyeuliza kulia ni kwa nani, kwa sababu wote tulikuwa tunasukuma upande mmoja.

"Wabeja," nikamshukuru mzee. Akaguna tu, akaenda zake.

Ukingo niliuziba mwenyewe kesho yake. Mchicha nimeununua sokoni mwezi mzima, bila kulalamika. Nawe msomaji, siku ukikwama na washauri wakazidi mmoja, usibishane nao: chomoa pini, uwape kazi. Watakaobaki ndio wa kusikilizwa.