Asilimia 60 ya Nini?

Mtu wa kwetu akitangaza kwamba anakwenda Ulaya, ndugu hawamtakii safari njema. Wanamtumia saizi za viatu. Safari yangu ya London ilikuwa haijapata hata viza, lakini kundi la WhatsApp la ukoo lilishajaa maagizo: raba namba 43, mkanda wa kiume "orijino, si wa Kariakoo", manukato yenye kifuniko cha dhahabu kama aliyojipulizia dada fulani kwenye sendofu ya dada mwingine. Mama mkubwa aliagiza pochi nyeusi ya jina kubwa, ila jina lenyewe lisionekane, maana wanakwaya wenzake wana macho. Kuhusu fedha hakuna aliyeandika neno. Mmoja aliweka ile alama ya viganja viwili vilivyokutanishwa, nikaelewa kwamba hayo ndiyo malipo.

Ufumbuzi ulitoka kwa shemeji yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Tanga ambaye ameishi London hadi amefikia kulalamikia jua.

"Shemeji, usiende kuibiwa madukani Oxford Street," aliniambia. "Twende Bicester. Kule majina yote makubwa yapo, na kila kitu nusu bei."

Kaka alikuwa anakunywa chai. Alinitazama, akakitazama kikombe, akaendelea kunywa. Watu waliooa siku nyingi hutoa ushauri kwa njia hiyo, na mimi sikuwa nimeizoea lugha yake.

Bicester ni mji wa Oxfordshire, na kando yake kuna Bicester Village, kijiji kisicho na shamba wala mwenyekiti wa kijiji. Kilifunguliwa mwaka 1995. Ni mtaa wa vijumba vya mbao vilivyopakwa rangi za kupendeza, maduka zaidi ya 150, na juu ya milango yameandikwa majina ambayo kwetu tunayasoma kwenye fulana za bodaboda: Gucci, Prada, Burberry. Kijiji kina stesheni yake ya treni, iliyofunguliwa mwaka 2015 na kupewa jina la maduka. Kutoka Marylebone, London, safari haifiki saa nzima. Pale stesheni matangazo hutolewa pia kwa Kichina na Kiarabu. Nilitega sikio kama Kiswahili nacho kitafuata. Hakikufuata. Wenye biashara ile wanajua vizuri fedha inatoka wapi.

Mbele ya duka la kwanza tulilolitaka palikuwa na kamba, mlinzi mwenye suti, na foleni. Mimi foleni ya dukani naijua ya sukari inapoadimika. Ya kupanga ili niruhusiwe kwenda kutazama mikanda ilikuwa mpya kwangu. Nyuma yetu alisimama kijana aliyekuwa anakokota sanduku tupu la magurudumu. Nikamhurumia, nikidhani amepotea njia ya uwanja wa ndege. Shemeji akaninong'oneza kwamba yule ndiye aliyekuja kikazi.

Ndani, pochi ya mama mkubwa ikapatikana haraka kuliko nilivyopenda. Nyeusi, ngozi, jina dogo kabisa pembeni. Kibandiko chake kilikuwa na bei mbili: pauni 640, imepigwa mstari, na chini yake pauni 410.

"Umeona, shemeji? Umeokoa pauni 230!"

Nilikuwa sijatoa hata senti na tayari nilikuwa nimeokoa. Ni hisia tamu, inapanda kichwani. Pauni wakati huo ilishavuka shilingi elfu tatu, kwa hiyo pochi ile ilikuwa inaelekea shilingi milioni moja na robo, na hapo ndipo tulipokuwa tumepunguziwa. Lakini bei iliyopigwa mstari ina nguvu za ajabu. Unaacha kuilinganisha pochi na mshahara wako, unaanza kuilinganisha na ile 640, ambayo hujui nani aliwahi kuilipa, wapi, wala mwaka gani. Kote mtaani mabango yalitangaza punguzo la hadi asilimia 60. Sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza: asilimia 60 ya nini?

Maduka haya, yanayoitwa autileti, hayakuanza na kamba na walinzi. Mjini Reading, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, katika miaka ya 1970, kampuni za nguo zilikuwa zinauza ndani ya viwanda vyao mabaki na mali yenye dosari. Soksi imekosewa mshono, bei imeshuka, mnunuzi na muuzaji wameelewana. Siku hizi sehemu ya mali ya autileti haijawahi kuona duka la mjini. Imeshonwa tangu mwanzo kwa ajili ya autileti, mara nyingi kwa ngozi au kitambaa cha daraja la chini, kisha ikapachikwa bei ya juu ili ipigwe mstari. Mwezi Januari 2014 maseneta watatu na mbunge mmoja wa Marekani waliiandikia tume ya biashara ya nchi yao, FTC, wakiiomba ichunguze jambo hilo, kwa hoja kwamba bei ya zamani ya kitu kisichowahi kuuzwa kwa bei hiyo ni hadaa kwa mnunuzi. Hoja hiyo naiona sahihi, ingawa pale kwenye kaunta ya Bicester haikuwa na msaada wowote kwangu.

Sisemi kila kitu ni cha namna hiyo. Mabaki halisi ya msimu uliopita yapo, na utayatambua kwa rangi. Kinachopendwa na watu huisha mjini kwa bei kamili; kinachofika kijijini ni kile ambacho London yote ilikikataa. Makoti ya rangi ya haradali. Suruali za kiume za waridi. Raba zilikuwepo namba 38 na namba 47, yaani za mwanafunzi wa sekondari na za mcheza kikapu, na katikati hapakuwa na kitu. Muuzaji, binti mwenye adabu sana, aliniuliza kama yule mpwa wangu wa namba 43 "bado anakua".

Na hata hivyo hatukutoka mikono mitupu. Hiyo nadhani ndiyo sababu mojawapo ya kuyaweka maduka haya mbali na mji. Duka la mtaa wa pili unaingia, unatazama, unatoka. Mtu aliyelipa nauli, akapanga foleni, akala sandwichi ya bei ya pilau ya watu wanne, hakubali kurudi bila mfuko. Shemeji alinunua koti la baridi. Mimi nilinunua pochi, mkanda, na buti kubwa za baridi kwa ajili yangu mwenyewe, mkazi wa Dar es Salaam.

Kwenye kaunta shemeji akaomba fomu ya kurudishiwa kodi. Muuzaji akatabasamu kwa huruma ya mtu anayelijibu swali hilo kutwa nzima. Uingereza, isipokuwa Ireland Kaskazini, ilifuta utaratibu wa kumrudishia mtalii kodi ya ongezeko la thamani tarehe 1 Januari 2021, na kodi hiyo ni asilimia 20. Unaweza kuikwepa tu kama duka lenyewe litakusafirishia mzigo hadi nje ya nchi. Shemeji hakukata tamaa.

"Basi mwakani twende Paris. Kule bado wanarudisha."

Ni kweli, Ufaransa wanarudisha. Jirani na Disneyland ya Paris kuna La Vallée Village, ndugu yake Bicester. Ukinunua kwa zaidi ya euro 100, ukawa unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, unapewa karatasi ya kugonga kwenye mashine ya forodha siku ya kuondoka. Wakala akishakata chake, mara nyingi hubaki kama asilimia 12. Nikakaa kwenye treni nikapiga hesabu. Viza ya Schengen kwa mtu wa pasipoti yangu ni euro 90, haina punguzo na haina marejesho. Ili asilimia 12 izae hizo euro 90, inabidi kwanza ninunue vitu vya euro 750. Nilimwonyesha shemeji hesabu ile kwenye simu. Akasema wanaume hatujui kununua.

Siku ya kurudi, mizani ya uwanja wa ndege ilinikumbusha kwamba kilo 23 ni 23, na punguzo halihesabiwi. Buti zikatoka kwenye sanduku zikaingia miguuni. Koti langu nikalivaa, na juu yake nikavaa la pili, lile la haradali, ambalo shemeji alikuwa amemtumia mdogo wake bila kunishauri. Nilitua Dar es Salaam mchana wa Februari nikiwa nimefungashwa hivyo, jasho linaingia ndani ya buti. Ofisa wa uhamiaji aliniangalia kwa muda, akauliza taratibu, "Mzee, unajisikia vizuri?"

Nilijisikia vizuri hadi nilipofika forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki wakati huo ilimpa msafiri anayerejea nafuu ya vitu binafsi vya dola 500, na nilijua hivyo. Risiti nilikuwa nazo, nimezitunza kwa fahari, pamoja na vibandiko vya bei, ili nyumbani waone nilivyookoa. Ofisa akakishika kibandiko cha pochi, akasoma, akageuza.

"Sasa thamani yake ni ipi? Hii iliyokatwa au hii ya chini?"

Kwenye kundi la ukoo nilikuwa nimetangaza, kwa picha, kwamba naleta pochi ya pauni 640. Sasa nilisimama katika makoti mawili nikiapa kwamba ni kitu cha kawaida tu, tena cha mwaka jana, tena watu walikikataa. Nilieleza historia ya mji wa Reading. Nadhani nilimtaja hata seneta. Ofisa alisikiliza kwa subira, akachukua bei ya chini, nayo ilitosha kunivusha kikomo. Nikalipa.

Mama mkubwa alinishukuru kwa machozi, na machozi yale sina neno nayo. Binti yake ndiye aliyechukua simu, akaingia kwenye tovuti ya kampuni na kuitafuta pochi ile ukurasa kwa ukurasa. Hakuiona.

"Kaka, mbona haipo? Umeuziwa feki."

Haikuwa feki. Ilikuwa orijino ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo dukani. Jaribu kulieleza hilo mbele ya wanakwaya.

Sasa, inafaa au haifai? Kwa shemeji inafaa. Anaishi kule, koti analivaa tangu Novemba, halipimwi na mizani yoyote, na lisipomtosha analirudisha. Kwa mwanafunzi anayehamia Glasgow inafaa pia, mradi ameshaijua bei ya kitu anachokitaka katika duka la kawaida kabla hajakiona kibandiko, na asinunue kingine. Kwa msafiri wa siku chache kutoka kwetu, mwenye orodha ya ukoo na sanduku moja, haifai. Jumlisha nauli, siku nzima iliyokwenda, mzigo na ushuru, utakuta punguzo limeishia njiani. Mwenye hamu ya koti la jina la Uingereza aende soko la mitumba la Karume alfajiri marobota yakifunguliwa, achague.

Na ukijikuta umo kwenye treni ile ya Marylebone, usishuke Bicester. Inaendelea hadi Oxford, kwenye makumbusho ya Ashmolean, yaliyofunguliwa mwaka 1683, na kiingilio chake ni bure.